Asidi Inayokula Kioo

Asidi karibu zote za maabara hukaa ndani ya chupa za kioo. Ya chumvi, ya salfa, ya naitriki: hata zile zinazotoboa bati na kuunguza nguo papo hapo, kioo hakizijali. Iko moja ambayo haiwekwi humo, kwa kuwa itaanza kuila chupa tangu dakika ya kwanza. Ni asidi hidrofloriki. Kwa asidi hiyo mafundi wamechora juu ya kioo mistari na mifereji ambayo jicho haliioni bila hadubini, na bila asidi hiyo chipu iliyomo ndani ya simu yako isingezaliwa kwa njia iliyozaliwa. Nayo imeua watu kwa namna ambayo madaktari walichelewa sana kuielewa: jeraha dogo, maumivu yanayokuja baada ya saa kadhaa, kisha moyo unasimama.

Ufundi huu una kinga mbili. Ya kwanza ni ya kioo: nta, lami au dawa nyingine inayofunika sehemu isiyotakiwa kuliwa. Ya pili ni ya mtu anayekishika kioo hicho. Zilianza safari pamoja, lakini hazikwenda mwendo mmoja.

JIWE LA KUYEYUSHIA MAWE

Katika milima ya Saxony na Bohemia, karne ya 16, wachimbaji wa fedha na shaba walilijua jiwe moja la rangi nzuri, mara zambarau, mara kijani, mara manjano. Halikuwa na metali ya kuuza, ila likitupwa tanuruni pamoja na mawe yenye madini, mchanganyiko wote huyeyuka upesi na takataka hujitenga. Georgius Agricola, aliyekuwa daktari wa mji wa wachimbaji wa Joachimsthal, alilieleza katika maandishi yake. Leo tunaliita floraspa, na ndilo mama wa asidi yetu.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1670, mjini Nuremberg, fundi wa kukata vioo aitwaye Heinrich Schwanhardt alidondosha tone la asidi juu ya miwani yake, akaona kioo kimepata ukungu usiofutika. Badala ya kusikitikia miwani, akaanza kuchora maandishi na picha kwa ukungu ule, na siri yake hakuitangaza. Wanahistoria wa kemia wana shaka kama dawa yake ilikuwa kweli asidi ya floraspa, kwa sababu hakuna fundi wa zama zile aliyeacha maelezo kamili ya kuitengeneza. Hata hivyo kisa chenyewe kinaonyesha kwamba soko la kioo chenye nakshi lilikuwapo kabla ya mkemia yeyote kujua kinachotendeka.

Aliyekijua, au tuseme aliyekikaribia, ni Carl Wilhelm Scheele, mfamasia kijana wa Uswidi. Mwaka 1771 alitia unga wa floraspa na asidi ya salfa ndani ya chombo cha kioo, akakipasha moto. Chombo kililika kwa ndani. Na juu ya maji aliyoyaweka kukinga gesi palitanda utando mweupe, mkavu, wa aina ya mchanga. Scheele akadhani utando huo umezaliwa pale gesi ilipokutana na maji. Kumbe kilikuwa kioo cha chombo chake mwenyewe: asidi ilikivunja, ikakibeba kama gesi, ikakitema majini. Wakemia waliomfuata walirudia jaribio katika vyombo vya metali, na utando haukuonekana tena.

Sababu yake ilieleweka baadaye sana. Kioo kimejengwa kwa silikoni na oksijeni zilizoshikana kwa nguvu, na asidi za kawaida haziwezi kuzitenganisha. Florini inaweza, kwa kuwa inaishika silikoni kwa nguvu zaidi kuliko oksijeni inavyoishika. Mwisho wa mchezo huo silikoni huondoka, ama kama gesi ama ikiwa imeyeyuka majini, na pale ilipokuwa hubaki shimo.

Scheele alifariki 1786. Mwaka uliofuata Mfaransa wa Toulouse, Marcassus de Puymaurin, aliwaonyesha wasomi wa nchi yake kwamba kioo kinaweza kuchongwa kwa asidi hiyo kama shaba inavyochongwa kwa ajili ya kupiga chapa picha. Mojawapo ya michoro yake ilionyesha Kemia na Kipaji, katika sura za binadamu, wakilia juu ya kaburi la Scheele. Sijui zawadi nyingine ya rambirambi iliyotengenezwa kwa sumu aliyoigundua marehemu.

NTA NA SINDANO

Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata njia haikubadilika sana. Kioo kilipashwa moto kidogo, kikapakwa nta nyembamba. Fundi akachora kwa sindano mpaka ncha ikagusa kioo. Kisha kioo kikawekwa kifudifudi juu ya sinia la risasi lenye floraspa na asidi ya salfa, likiwa la vuguvugu, mvuke ukapanda na kula pale tu palipofunuliwa na sindano. Nta ikaoshwa kwa tapentaini, na mchoro ukabaki milele. Hivyo ndivyo zilivyochorwa alama za vipimajoto na za mirija ya kupimia ya maabara, mistari ambayo haifutiki kwa sabuni wala kwa asidi nyingine.

Asidi yenyewe ilisafirishwa katika chupa za risasi, na baadaye za gutapacha, utomvu wa miti ya Malaya unaofanana na mpira. Karakana zilikuwa na dalili yao: vioo vya madirisha vilipata ukungu kutokana na mvuke wa kila siku. Mvuke uliopofusha dirisha ulikuwa ukipita pia katika mapua na mapafu ya walioketi ndani, lakini dirisha ndilo lililobadilishwa.

Njia ya nta ilikuwa na kikomo ambacho kinafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu kitarudi tena kuwatesa wahandisi wa karne ya 20. Asidi haijui kwenda wima. Ikishafika kwenye kioo hula kwenda chini na kwenda pembeni kwa kasi ileile, ikichimba hata chini ya nta. Mfereji wenye kina cha mikroni 10 utakuwa na upana usiopungua 20, na kingo zake zitakuwa za mviringo. Anayetaka mstari mwembamba sana lazima auchonge kwa kina kifupi sana, na hata hapo sindano juu ya nta huacha njia pana.

Kwa hiyo aliyewashinda wote kwa wembamba katika karne ya 19 hakutumia asidi kabisa. Friedrich Adolph Nobert, fundi wa saa wa mji mdogo wa Barth kwenye pwani ya Baltiki, alijenga mashine ya kukwaruza kioo kwa ncha ya almasi. Kuanzia miaka ya 1840 aliuza vioo vyenye makundi ya mistari, kila kundi likibanana kuliko lililotangulia, ili wenye hadubini wapime ubora wa lenzi zao. Katika kioo chake chenye makundi 19, mistari ya kundi la mwisho ilipishana kwa takriban mikroni 0.23. Unywele wa mikroni 70 ungefunika zaidi ya mistari 300. Wataalamu waligombana kwa miaka mingi kama mistari hiyo ipo kweli au ni maneno ya muuzaji, mpaka Joseph Janvier Woodward wa jumba la makumbusho ya tiba la jeshi la Marekani huko Washington alipoipiga picha kwa hadubini yake. Nobert hakumwua mtu, na hakuna aliyeweza kuigiza kazi yake kwa wingi. Almasi huchora mstari mmoja baada ya mwingine. Asidi huchora yote kwa mpigo mmoja. Hiyo ndiyo sababu viwanda viliichagua asidi pamoja na balaa lake.

Na viwanda vilikuja. Katika eneo la Stourbridge, Uingereza, John Northwood alibuni katika miaka ya 1860 mashine za kukwangua nta kwa mifumo inayojirudia, na glasi za mezani zenye nakshi za duara na pembe zikawa bidhaa ya watu wa kawaida. Mjini Nancy, Ufaransa, Émile Gallé na ndugu wa familia ya Daum walifunika kwa lami vyombo vya kioo chenye matabaka ya rangi, wakaiachia asidi ile tabaka moja hadi majani na wadudu wakajitokeza. Mwaka 1925 Marvin Pipkin wa kampuni ya General Electric, Marekani, alipata njia ya kuitia balbu ukungu kwa ndani bila kuidhoofisha. Kuanzia hapo asidi ya floraspa ilipita katika mamilioni ya balbu.

WALIOTAFUTA KILICHOMO NDANI

Wakati mafundi wanachora, wakemia walikuwa wakifa. Tangu Mfaransa André-Marie Ampère alipomwandikia Humphry Davy wa Uingereza kwamba asidi hii lazima ina elementi isiyojulikana, ndiyo florini, kuitenga elementi hiyo kulikuwa mashindano. Davy alijaribu 1813 na mvuke ukamdhuru. Ndugu wawili wa Ireland, George na Thomas Knox, walitumia vyombo vilivyochongwa katika floraspa yenyewe, wakapata sumu kali. Paulin Louyet wa Ubelgiji alikufa. Jérôme Nicklès wa Nancy alikufa 1869.

Henri Moissan alifaulu mjini Paris tarehe 26 Juni 1886, kwa kupitisha umeme ndani ya asidi isiyo na maji iliyopozwa mno, katika mrija wa platini iliyochanganywa na iridiamu. Alipewa Tuzo ya Nobel 1906 na akafariki Februari 1907, akiwa na miaka 54.

Orodha ya waliokufa hutajwa kwa heshima katika vitabu vya kemia, nami sina neno nayo. Ila vitabu hivyo havina orodha ya vibarua wa karakana za nta. Madhara ya muda mrefu yalipata mchunguzi wake halisi 1937, Kaj Roholm wa Denmark alipochapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa Copenhagen waliovuta vumbi la kriolaiti, madini mengine yenye florini, yaliyoletwa kutoka Greenland. Katika picha za eksirei mifupa yao ilionekana mizito na myeupe kupita kiasi. Florini ilikuwa imejiingiza katika mfupa.

NAMNA INAVYOUA

Hapa inafaa kusimama. Mtu akimwagikiwa na asidi ya salfa hupiga kelele papo hapo, na kelele hiyo ndiyo inayomwokoa. Asidi hidrofloriki ni asidi dhaifu kwa maana ya kikemia: molekuli zake nyingi hazivunjiki zikiwa majini. Zikiwa nzima namna hiyo hupenya ngozi bila kuiunguza sana. Ikiwa nguvu yake ni chini ya asilimia 20, maumivu na wekundu vinaweza kuchelewa hadi saa 24. Mtu hunawa, hurudi kazini, hula chakula cha jioni. Usiku kidole huanza kumuuma kwa ndani, mfupani, kwa namna isiyolingana na kinachoonekana nje.

Ndani ya mwili florini hufanya lile lile ililofanya kwenye kioo, ila hapa inatafuta kalsiamu na magnesiamu. Inazishika na kuzigeuza kuwa chumvi isiyoyeyuka. Kalsiamu ndiyo inayoendesha mishipa ya fahamu na mapigo ya moyo. Ikipungua ghafla katika damu, moyo hupoteza mpangilio na kusimama. Asidi kali iliyogusa eneo dogo tu la ngozi, hata chini ya asilimia 3 ya mwili, imewahi kuua.

Tiba yake ni kumpa adui anachokitaka. Sehemu iliyoguswa huoshwa kwa maji mengi mara moja, kisha hupakwa na kukandwa kwa jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, ili florini ishike kalsiamu ya jeli na kuacha ya mwili. Ikibidi daktari huongeza sindano. Jeli hiyo ilianza kuenea viwandani katika miaka ya 1970, karne mbili baada ya Scheele. Nta ya kukikinga kioo ilikuwapo tangu siku ya kwanza.

TOKA NTA HADI MWANGA, 1955–1960

Mwaka 1955, katika maabara za Bell huko New Jersey, Carl Frosch na Lincoln Derick walikuwa wakipasha visahani vya silikoni katika tanuru lenye gesi ya haidrojeni. Gesi ikashika moto kwa bahati mbaya, mvuke wa maji ukaingia, na visahani vikatoka vimefunikwa na ngozi nyembamba yenye rangi. Ilikuwa oksidi ya silikoni, yaani kioo safi. Waligundua kwamba ngozi hiyo huzuia kemikali za kubadilisha tabia ya silikoni zisipenye. Ukiweza kuitoboa pale unapotaka tu, unaweza kujenga transista pale unapotaka tu.

Na kitu gani hutoboa kioo? Wahandisi wa umeme, ambao wengi wao hawakuwa wamesikia habari za Northwood wala Puymaurin, walijikuta katika karakana ileile. Transista za mwanzo zilikingwa kwa matone ya nta nyeusi. Lakini nta haiwezi kuchorwa kwa udogo uliotakiwa. Jules Andrus na Walter Bond wa Bell walileta kinga mpya: dawa ya kampuni ya Kodak iliyotumiwa na wapiga chapa, inayoganda ikipigwa na mwanga na kuyeyuka pale mwanga usipofika. Kufikia 1957 Jay Lathrop na James Nall, katika maabara ya jeshi la Marekani, nao waliitumia kutengeneza transista ndogo. Sasa sindano haikuhitajika. Picha ya mchoro ilipunguzwa kwa lenzi, ikaangazwa juu ya dawa, na asidi ikafuata.

Mwanzoni vifaa vilikuwa vya kuokoteza. Robert Noyce na Jay Last wa kampuni changa ya Fairchild, California, walinunua lenzi za kamera ya sinema katika duka la San Francisco ili watengenezee mashine yao ya kurudufu michoro. Mwaka 1959 mwenzao Jean Hoerni akaacha ngozi ya kioo ibaki juu ya transista kama ulinzi, na mwaka huohuo Noyce akaeleza jinsi ya kupitisha nyaya za alumini juu ya ngozi hiyo, zikishuka kwenye silikoni kupitia matundu yaliyochongwa. Matundu hayo ndiyo chipu. Kila moja lilitobolewa kwa asidi ya floraspa, iliyotulizwa kwa amoniamu floridi ili kasi yake isiyumbe.

Tatizo la chombo lilikuwa limepata dawa kimyakimya. Polithini iligunduliwa Uingereza 1933, na Teflon, yenyewe ikiwa na florini tele, ilizuka kwa bahati 1938 mikononi mwa Roy Plunkett wa DuPont. Asidi ambayo Moissan aliiweka katika platini ya bei ghali sasa ilikaa katika dumu la plastiki, bei rahisi, jepesi, kama dumu la mafuta ya kula. Hilo lilikuwa jambo jema kwa viwanda. Lilifanya pia sumu ionekane ya kawaida.

KUTOKA MKONONI KWENDA ANGANI

Kadiri transista zilivyozidi kuwa ndogo, kikomo cha njia ya nta kilirudi: asidi ilikula pembeni, ikaharibu mistari iliyokaribiana. Katika miaka ya 1970 viwanda vilihamia kwenye gesi zenye florini, kama kaboni tetrafloridi, zinazovunjwa kwa umeme ndani ya chumba kisicho na hewa. Vipande vyenye chaji hupiga kisahani kutoka juu kwenda chini, na mfereji hutoka na kuta zilizosimama wima.

Mfanyakazi alipata nafuu kubwa, kwa kuwa mashine ilifungwa. Hatari haikwisha, ilihama. Kaboni tetrafloridi ikitoroka hukaa angani miaka ipatayo 50,000, na kwa kipindi cha miaka 100 uzito wake mmoja hupasha dunia joto takriban mara 7,000 ya uzito huohuo wa kaboni dioksidi. Viwanda sasa huichoma kabla haijatoka bombani, ingawa si vyote na si mara zote.

Asidi ya majimaji haikustaafu. Bado husafisha visahani, hukondesha vioo vya skrini, na mwaka 1992 ilipata kazi mpya: Andreas Manz, Jed Harrison na wenzao walionyesha mifereji myembamba iliyochongwa ndani ya kipande cha kioo, ambamo kemikali hutenganishwa kwa umeme. Hiyo ikawa mbegu ya maabara zinazoenea kiganjani. Chuo kikuu chochote chenye chumba kisafi na chupa ya plastiki kiliweza kuchonga mifereji ya aina hiyo.

PERTH NA GUMI

Mwaka 1994, mjini Perth, Australia, fundi wa maabara ya jiolojia alikuwa akiyeyusha sampuli za mawe kwa asidi ya asilimia 70. Alikuwa peke yake, ameketi. Kiasi kilichopungua robo lita kilimwagikia mapajani. Alijimwagia maji kwa bomba, kisha akakimbilia bwawa la kuogelea na kukaa humo akingoja msaada. Jeli ya kalsiamu haikuwapo mahali pale. Asilimia 9 tu ya mwili wake ndiyo iliyoungua. Mguu ulikatwa, na siku ya 15 akafariki. Taarifa ya kisa chake, iliyochapishwa katika jarida la afya kazini, imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa kemia, na maabara nyingi leo hukataza mtu kufungua chupa hiyo akiwa peke yake.

Maabara, nasema. Tarehe 27 Septemba 2012, katika mji wa viwanda wa Gumi, Korea Kusini, wafanyakazi wa kampuni ya Hube Global walikuwa wakihamisha asidi kutoka kwenye tangi la lori. Valvu ikafunguka, tani zipatazo 8 zikatoka kama wingu jeupe. Watu 5 walikufa. Maelfu walitibiwa, mazao ya vijiji jirani yakanyauka, mifugo ikaugua, na serikali ikalitangaza eneo hilo kuwa la maafa. Picha za kamera za kiwanda zilionyesha watu juu ya lori bila mavazi kamili ya kujikinga. Asidi ile ilikuwa ya viwanda vya vifaa vya umeme, vilevile ambavyo ndani ya vyumba vyake visafi mfanyakazi huvikwa toka utosini hadi ukuchani ili chembe ya vumbi lake isiharibu kisahani. Kinga ya kioo imefika hapo. Aliye nje ya ukuta, akishika bomba, bado yuko karne ya 19.

Uzito wa asidi hii kiuchumi ulionekana Julai 2019, Japani ilipobana uuzaji wake kwa Korea Kusini pamoja na bidhaa nyingine mbili za chipu na skrini. Nchi mbili tajiri zikakwaruzana kwa sababu ya kimiminika kinachotokana na jiwe la wachimbaji wa Agricola.

Jiwe hilo sisi wa Afrika Mashariki tunalo. Huko Kimwarer, katika Bonde la Kerio nchini Kenya, floraspa ilichimbwa tangu miaka ya 1970, ikasafishwa hadi daraja la kutengenezea asidi, yaani asilimia 97, ikateremshwa Mombasa na kuuzwa nje. Kazi ilisimama 2016 bei iliposhuka. Familia zilizoondolewa katika ardhi ile ziliendelea kudai fidia miaka mingi baadaye. Kiwanda cha kugeuza floraspa kuwa asidi hakikujengwa pale, na thamani kubwa ilikwenda kuzaliwa ng'ambo. Florini ya Bonde la Ufa haihitaji hata mgodi ili iwafikie watu: kuanzia Nakuru hadi Arusha iko katika maji ya visima vingi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na hujionyesha katika meno ya kahawia.

Asidi yenyewe nayo huturudia, katika vifungashio visivyotisha. Baadhi ya dawa za kuondoa kutu kwenye nguo na za kung'arisha rimu za magari zina asidi hidrofloriki. Krimu nyingi za kuandikia namba kwenye vioo vya magari zina chumvi za floridi zinazofanya kazi ileile. Fundi akikuambia ni dawa tu, msomee maandishi ya chupa. Ukiona neno floridi au hidrofloriki, usiiguse mpaka uwe na glavu zinazofaa, maji yanayotiririka, mtu wa pili karibu, na jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, si dukani. Na ikikugusa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama hakuna kinachouma, ukamwambie daktari jina la asidi kabla hujamwonyesha kidole.